Hesabu ya mtoto mdogo ianzie mkononi

Mtoto wa miaka miwili anaweza kuimba moja hadi kumi bila kukosea, lakini ukimwomba vifuu viwili akakuletea fungu zima. Ni kawaida kabisa. Maneno anayajua, idadi bado. Kwa watoto wengi maana ya moja hukaa karibu na miaka miwili na nusu, mbili hufuata miezi kadhaa baadaye, kisha tatu. Anayemkimbiza mtoto kwenye kumi anaruka kazi yenyewe, na kazi hiyo hufanywa kwa kushika.

Kwa nyumba za Mtwara na Lindi, kifaa bora ni vifuu vya nazi. Tafuta vitatu vilivyopishana ukubwa waziwazi, kila kimoja kiingie ndani ya kingine na nafasi ya kidole ibaki pembeni. Vikikaribiana sana hukwama, na mtoto huviacha kwa hasira. Kwangua nyuzi zilizobaki, sugua kingo kwa msasa hadi kidole chako kipite bila kukwaruzwa, osha kwa sabuni, anika juani. Chenye ufa kitupe, kitatoa vibanzi.

Korosho ghafi zisiwe mchezo hata siku moja, ingawa msimu ukifika zimeanikwa kila uwanja. Mafuta ya ganda lake huunguza ngozi na midomo. Kunde, kokoto na mbegu za ubuyu nazo ziwe mbali na mtoto asiyefika miaka mitatu, maana chochote kinachoingia kinywani kizima kinaweza kumkaba. Machungwa na vikombe vya plastiki vinatosha.

Mtoto anayekaa mwenyewe mpe beseni na chungwa moja. Atalitia, atalitoa, atalibingirisha. Hapo maneno yanayofaa ni ndani, nje, lingine, limeisha. Akifika mwaka na nusu hivi, mpe vifuu avipange. Asipoweza vitatu, ondoa cha kati abaki na viwili.

Kuhesabu kwenyewe kuna kosa moja linalojirudia kila nyumba: kidole na mdomo haviendi pamoja, kitu kimoja kikapewa namba mbili na kingine kikarukwa. Kumwambia "hesabu vizuri" hakusaidii. Weka vikombe vitatu kwenye mkeka na ungo pembeni. Kila namba inapotamkwa, kikombe kimoja kinahamia kwenye ungo, na namba inayofuata isitamkwe mpaka mkono umeachia. Kilichohama hakihesabiwi tena, anaona mwenyewe. Ukimaliza, zungusha kiganja juu ya vyote useme "vitatu". Ukimuuliza viko vingapi akaanza upya moja, mbili, tatu, bado hajajua kwamba namba ya mwisho ndiyo jumla. Usimkosoe, zungusha kiganja tena, sema "vitatu", endeleeni.

Dakika tano zinatosha. Akigeuka, acha.

Asubuhi ya vitumbua ni somo zuri zaidi ya meza yoyote: kimoja cha bibi, kimoja cha kaka, kimoja chake. Agawe yeye. Kikipungua kimoja, usikilete haraka. Muulize nani hajapata.

Maji nayo hufundisha kujaa na kupungua, kwa kata na vikombe viwili. Mtu mzima akae hapo hapo muda wote, na beseni limwagwe mara mchezo ukiisha, kwani hata maji machache humzamisha mtoto.

Akishika tatu vizuri, funika vikombe kwa kanga, toa kimoja mbele ya macho yake, mwache aseme vilivyobaki. Kisha funua mhesabu pamoja.