Tafuta Shina, Usitafute Majani

Wengi wanaoanza bonsai, yaani sanaa ya kukuza mti chunguni ubaki mdogo lakini ufanane na mti mkubwa, hapa Tabora hudhani kwamba ni lazima kwanza wanunue mti uliokwisha kutengenezwa. Nami nilidhani hivyo, nikapoteza fedha kwa mche ulionivutia kwa majani yake, kumbe ulikuwa umechomekwa chunguni siku chache tu kabla, ukiwa karibu hauna mizizi. Tangu hapo silipi kabla ya kufukua udongo wa juu kwa kidole na kuona pale shina linapokutana na ardhi: likiwa limetanuka, na mizizi imetawanyika kama vidole vya kuku, huo ndio mti wa kuchukua, kwa maana majani yataota tena lakini unene wa shina haupatikani kwa msimu mmoja.

Anzia kwenye kitalu cha miche, nyuma kabisa, inakowekwa ile iliyokosa wanunuzi. Mkwaju uliokaa kwenye kiriba hadi mizizi ikatoboa nailoni na kuingia ardhini huuzwa kwa bei ya kuuondoa tu. Wangu niliupata kwa shilingi 1,000, shina likiwa nene kama kidole gumba na limepinda lenyewe. Mkwaju unafaa sana kwa sababu vijani vyake ni vidogo, hivyo hata ukiwa na kimo cha shubiri mbili huonekana mti mzima. Mwembe, ingawa umejaa mjini kwetu, nauepuka, kwani majani yake ni marefu mno.

Bogenvilia haina gharama kabisa. Jirani anapopogoa ua wake, omba matawi manene, kata kipande cha shubiri moja, kichomeke kwenye mchanga wenye mboji, kikae kivulini, wala usikivute ili kuchungulia mizizi. Msituni usichimbe bila kibali.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni majira. Mkwaju wangu mwingine niliukata mizizi mwezi Agosti, katikati ya kiangazi, ukapukutisha majani yote na haukuchipua tena. Ule wa shilingi 1,000 niliusubirisha hadi mvua za Novemba ziliposhika, nikapunguza theluthi moja ya mizizi na kuupanda kwenye karai kuukuu nililolitoboa matundu chini. Sasa kila jioni hukunja vijani vyake sawasawa na mikwaju mikubwa ya barabarani.