Fizikia niliyoiacha kidato cha tatu

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: mwanafunzi aanze lini kuwaza masharti ya kozi za sayansi za chuo kikuu? Mimi nasema aanze kabla hajaingia kidato cha tatu. Najua wengi watajibu kidato cha tano, wakati wa kuchagua tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo matatu ya kidato cha tano na sita. Wamechelewa.

Nilisoma sekondari ya kata ambayo kwa karibu miaka miwili haikuwa na mwalimu wa Fizikia. Mwalimu wa Jiografia alijitolea kutushika mkono, Mungu ambariki, ila naye alikuwa ametutangulia ukurasa mmoja tu. Tulipofika kidato cha tatu tukaambiwa tuchague. Biolojia na Hisabati hazikukwepeka, lakini Fizikia na Kemia zilikuwa za hiari. Nikaiacha Fizikia, nikabaki na Kemia, na siku hiyo nililala usingizi mzuri sana.

Kidato cha nne nikafaulu, nikapangiwa CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia. Nyumbani wakasikia "sayansi" wakaelewa "udaktari". Shangazi akaanza kuniita dokta mbele za watu, na mimi sikumkatalia, maana hata mimi niliamini hivyo. Sayansi si sayansi?

Matokeo ya kidato cha sita: Kemia B, Biolojia B, Jiografia C. Kwa hesabu za TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, B ni pointi 4 na C ni 3, kwa hiyo nilikuwa na 11. Hapo ndipo nilipofungua kitabu cha mwongozo wa udahili kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Udaktari wa binadamu: Fizikia, Kemia, Biolojia. Nikasoma tena, nikidhani macho yananidanganya. Rafiki yangu wa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) mwenye pointi 8 aliruhusiwa kuomba. Mimi mwenye 11 sikuwa na pa kujaza. Pointi hazikunisaidia kitu, kwa sababu somo lenyewe halikuwepo.

Nikasema basi nipitie vyuo vya kati, nianze na stashahada ya utabibu. Nako wanataka ufaulu wa Fizikia wa kidato cha nne, pamoja na Kemia na Biolojia. Na hata mwenye stashahada hiyo akitaka kwenda kusomea udaktari, pamoja na GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 3.0 anaulizwa cheti cha kidato cha nne: angalau D ya Fizikia, Kemia, Biolojia, Hisabati na Kiingereza. Kumbe hata mlango wa uani una bawabu yuleyule. Kuna walionishauri nirudie kama mtahiniwa wa kujitegemea. Rahisi kusema. Fizikia ina mtihani wa vitendo, na maabara ya kuazima sikuipata.

Nikaenda SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, nikasomea lishe. Kazi yangu naipenda, msinionee huruma. Ila niliingia humo kwa sababu milango mingine ilikuwa imefungwa, na aliyeifunga ni mimi wa miaka kumi na sita.

Kwa hiyo mwanafunzi aanze na kozi arudi nyuma hadi kwenye somo. Anayetaka uhandisi wa ujenzi aangalie Fizikia na Hisabati ya juu, yaani PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) au PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati). PCB, pamoja na sifa zake zote mtaani, haimfikishi. Wenye tahasusi zisizo na M, yaani Hisabati ya juu, nao wasiidharau BAM, ile hisabati tumizi ya msingi, maana zipo kozi zinazoiulizia. Na sasa kwa kuwa mwaka 2024 zilitangazwa tahasusi mpya 49 juu ya zile 16 za zamani, uchaguzi umekuwa mpana na kukosea kumekuwa rahisi zaidi. Mwalimu wa taaluma mwenye wanafunzi mia tatu hawezi kumkalisha kila mmoja. Mzazi au ndugu mwenye simu anaweza: mwongozo wa TCU hutolewa kila mwaka na kuupakua ni bure.

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Jumamosi iliyopita tulikaa naye na mwongozo huo, akasema anataka kujenga madaraja. Fizikia yake haina shida. Hisabati mtihani uliopita alipata 28, na D, alama ya chini kabisa ya kufaulu, inaanzia 30. Tumeshampata mwalimu wa jioni.