Wasomaji Wanauliza: Seva ya barua pepe inapogeuka njia ya barua taka

SWALI: Seva yetu ya barua pepe inaendeshwa na Postfix, programu ya kupokea na kupeleka barua. Tangu juzi barua tunazowatumia wateja zinarudi, zikisema anwani yetu ya IP imo katika orodha nyeusi ya Spamhaus, shirika linaloorodhesha anwani zinazotuma barua taka. Kwenye foleni nimekuta maelfu ya barua ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyeziandika. Niombe kwanza tuondolewe kwenye orodha, au nihamie anwani nyingine?

JIBU: Yote mawili yasubiri. Tundu bado liko wazi. Ukiomba kuondolewa leo utarudishwa kesho, na anwani mpya itachafuka vilevile kabla hujamaliza kubadilisha rekodi zake.

Anza kwa kuzuia barua zisitoke. Ongeza mstari defer_transports = smtp kwenye main.cf, faili kuu la mipangilio ya Postfix, kisha andika postfix reload. Seva itaendelea kupokea barua zenu, ila haitapeleka chochote nje. Usiifute foleni, kwani ndiyo yenye ushahidi, na ndani yake zimo pia barua halali za wafanyakazi wenu. Lakini usikawie: kwa mpangilio wa kawaida, barua ikikaa siku 5 kwenye foleni hurudishwa kwa aliyeandikwa kuwa mtumaji.

Sasa tazama foleni kwa postqueue -p, chagua barua taka moja, na utafute namba yake kwenye logi. Mstari wa kwanza kabisa wa namba hiyo utakuonyesha barua iliingilia wapi.

Ukikuta sasl_username= ikifuatwa na jina la mtu wenu, nywila yake imeibwa. Hili siku hizi ni la kawaida kuliko seva iliyoachwa wazi, yaani inayopitisha barua za mtu yeyote, na ndilo linalosahaulika, kwa sababu majaribio yote ya seva wazi hupita bila dosari. Badilisha nywila, kisha zima Postfix na uiwashe tena: muunganisho uliokwisha kukubaliwa hauulizwi nywila mara ya pili.

Ukikuta neno pickup na uid=33, ambayo kwenye Debian na Ubuntu ni ya seva ya wavuti, mwenye kosa ni skripti kwenye tovuti yenu, mara nyingi fomu ya mawasiliano au programu-jalizi ya zamani. Washa mail.add_x_header kwenye php.ini, faili la mipangilio ya PHP, na kila barua itataja faili iliyoituma.

Ukikuta client= yenye anwani ya kigeni na hakuna sasl_username, hapo kweli seva yenu inapitisha barua za kila mtu. Endesha postconf mynetworks smtpd_relay_restrictions. Kwa seva inayosimama peke yake, mynetworks, yaani orodha ya anwani zinazoruhusiwa kutuma bila nywila, haihitaji zaidi ya 127.0.0.0/8 na [::1]/128. Masharti ya kupitisha yawe hivi, kwa mpangilio huu huu: permit_mynetworks, permit_sasl_authenticated, reject_unauth_destination. Postfix huyasoma kutoka kushoto na kusimama kwenye sharti la kwanza linalotoa uamuzi. Kwa hiyo ruhusa pana mwanzoni hufanya katazo la mwisho lisifikiwe kamwe.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu. Seva ikiwa ndani ya kontena la Docker, au nyuma ya ruta inayobadilisha anwani ya mtumaji, wageni wote wanaweza kuonekana wanatoka kwenye anwani moja ya ndani, kwa mfano 172.17.0.1. Msimamizi akiwa ameandika 172.16.0.0/12 kwenye mynetworks ili programu zake zitume bila nywila, ameiruhusu dunia nzima. Faili la mipangilio litaonekana safi. Logi ndiyo itakayosema kweli: kama kila mteja ana anwani ileile, ondoa mtandao huo kwenye mynetworks na programu zako zitumie nywila.

Ukimaliza, jaribu kutoka nje ya mtandao wenu, kwa sababu ukiwa ndani utakubaliwa kwa haki. Fungua poti 25 kwa telnet, andika EHLO, kisha MAIL FROM na RCPT TO, anwani zote mbili ziwe za vikoa visivyo vyenu. Jibu sahihi ni 554 5.7.1 Relay access denied. Ukipata 454, nayo ni kukataliwa, ila kwa muda. Ukipata 250 baada ya RCPT TO, rudi mwanzo. Muunganisho usipofunguka kabisa hujathibitisha kitu, kwani watoa huduma wengi wa intaneti huzuia poti 25 kutoka kwa wateja wao.

Hapo ndipo ufute barua taka kwa namba zake kwa postsuper -d, uondoe ule mstari wa defer_transports, na upeleke ombi. Jua kwanza mmeandikwa wapi: geuza anwani ya IP kinyume na uiulizie DNS, mfumo wa majina ya mtandao. Kwa 192.0.2.10 unauliza 10.2.0.192.zen.spamhaus.org. Jibu la 127.0.0.2 ni SBL, yaani anwani inayohusishwa na barua taka, 127.0.0.4 ni XBL, yaani kifaa kilichodukuliwa au kuambukizwa. 127.0.0.10 au 127.0.0.11 ni PBL, ambayo si shutuma: inasema tu kwamba anwani za kundi hilo hazitarajiwi kupeleka barua moja kwa moja.

SWALI: Tumeweka reject_rbl_client zen.spamhaus.org, sharti la kukataa barua kutoka anwani zilizo kwenye orodha ya Spamhaus, ili kupunguza barua taka. Sasa kila barua inakataliwa, hata za watu tunaowafahamu. Je, wote wamo kwenye orodha?

JIBU: Hapana. Seva yenu inatumia DNS ya umma, kama 8.8.8.8, na Spamhaus haitoi majibu ya orodha kwa maswali yanayopitia huko. Badala yake hurudisha 127.255.255.254, ambayo ni alama ya kosa, na Postfix huchukulia jibu lolote kuwa ni ndiyo. Sakinisha Unbound, programu ya kuuliza DNS, kwenye seva hiyohiyo iulize yenyewe bila kupitia kwa mwingine, kisha andika sharti kwa ukamilifu: reject_rbl_client zen.spamhaus.org=127.0.0.[2..11].

SWALI: Nikifunga poti 25 kabisa, si nitakuwa salama?

JIBU: Hutapokea barua tena, maana hapo ndipo seva nyingine huzileta. Watumiaji wenu watume kupitia poti 587 au 465 kwa nywila na TLS, yaani muunganisho uliosimbwa, na kwenye 25 uzime smtpd_sasl_auth_enable, yaani kuingia kwa nywila, ili wanaokisia nywila wasipate pa kubisha.

SWALI: Hatumo kwenye orodha yoyote, lakini barua zetu zinaangukia kwenye folda ya taka.

JIBU: Angalia PTR kwanza, yaani rekodi ya DNS inayotaja jina la anwani ya IP. Huwekwa na mwenye anwani ya IP, si kwenye rekodi za kikoa chako, na jina lake lazima lirudi kwenye anwani ileile. Halafu SPF, rekodi inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chako: iwe moja tu, isiyohitaji kuuliza DNS zaidi ya mara 10. Ufunguo wa DKIM, yaani sahihi ya kidijitali ya barua, wa biti 2048 hupita herufi 255, hivyo ugawe katika vipande vyenye alama za nukuu. Kama seva ina IPv6 ambayo haimo kwenye SPF wala haina PTR, weka inet_protocols = ipv4, uiwashe upya Postfix, mpaka utakapoziandaa rekodi hizo.