Uliza Fundi: Shepa yangu inatetemeka, nifunge mota kubwa zaidi?

Swali: Shikamoo Fundi. Nimejiundia shepa ndogo (mashine ya kuranda chuma kwa kisu kinachokwenda mbele na nyuma) kwa mabamba ya chuma ya milimita 20 niliyoyachomelea mwenyewe. Mpigo wake ni milimita 150, mipigo 60 kwa dakika, na mota ni ya wati 370. Inakata, lakini uso wa kazi unatoka na mawimbi, na mara nyingine kisu kinazama ghafla ndani ya chuma mpaka mkanda unateleza kwenye puli. Rafiki yangu anasema nifunge mota ya wati 1,100. Nimsikilize?
*Mwanagenzi wa Usiku*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mota iache ilivyo, na rafiki yako mwambie tumepiga hesabu. Ukikata chuma laini kwa kina cha milimita 1, na meza ikisogea milimita 0.2 kila mpigo, kisu kinabandua ukanda wenye eneo la milimita za mraba 0.2. Chuma laini hudai karibu nyutoni 2,000 kwa kila milimita ya mraba, kwa hiyo kisu kinasukumwa na nyutoni 400 hivi, sawa na uzito wa kilo 40. Kwa mpigo wako na kasi yako, kisu kinakwenda takriban mita 15 kwa dakika. Hapo umetumia wati 100. Ongeza msuguano, ongeza na kasi ya ramu, yaani ule mhimili unaobeba kisu mbele na nyuma, inapopita katikati ya mpigo, bado mota yako ina akiba. Mkanda ulipoteleza ulikufanyia hisani; mota kubwa ingevunja kisu au ingekupindia mkono wa kuendeshea ramu.

Tatizo ni kwamba hizo kilo 40 zinasukuma kitu kilicholegea. Tafuta ni kipi. Zima mashine, ichomoe kwenye umeme, peleka ramu mbele kabisa. Simamisha geji ya mshale (kipimo cha kuonyesha msogeo mdogo) juu ya meza, ncha yake iguse kichwa cha ramu, kisha uinue kichwa kwa mkono. Mshale ukicheza zaidi ya milimita 0.05 kwa nguvu ya mkono tu, usitegemee uso laini. Rudia kwenye slaidi ya kisu (sehemu inayokipandisha na kukiteremsha), kwenye klapa (kibao chenye bawaba kinachoshika kisu), halafu kwenye meza yenyewe ukiikandamiza ukingo wa mbele. Panapocheza zaidi ndipo pa kuanzia. Wengi hukaza kila skrubu wanayoiona, kisha hawajui ni ipi iliyosaidia.

Mimi nashuku reli ambazo ramu inateleza juu yake. Umesema umechomelea, na bamba lililochomelewa hujikunja linapopoa hata kama ulilibana kwa vibano vya kila aina. Dalili yake ni hii: ukikaza vibamba vya pembeni vinavyoishikilia ramu mpaka ulegevu uishe katikati ya safari, ramu inagoma mwishoni. Hapo usiendelee kukaza, wala usilegeze ukajifariji kwamba grisi itajaza. Paka rangi ya buluu nyembamba kwenye kipande kilichonyooka kweli, kipitishe juu ya reli, kisha kwangua pale tu rangi iliposhika. Rudia hadi alama za buluu zitapakaa reli nzima badala ya kukusanyika ncha mbili. Ni kazi ya kuchosha mabega. Ukijaliwa kujenga ya pili, reli zifunge kwa bolti na pini za kuzishikilia, uweze kuweka bati jembamba chini yake unaposahihisha.

Meza nayo iwekee mguu kwa mbele. Kisu hakisukumi mbele tu, kinakandamiza pia, na meza isiyo na mguu huinama kidogo kila mpigo.

Sasa huko kuzama. Bila shaka kisu chako kimenyooka na kimechomoza sana. Kisu cha namna hiyo kikipinda kwa mzigo, ncha yake huzunguka kuelekea chini, inakula kina zaidi, mzigo unaongezeka, kinapinda tena. Yote hayo kufumba na kufumbua. Tumia kisu cha shingo ya bata, yaani kilichokunjwa ili ncha irudi nyuma ikae chini ya pini ya klapa au nyuma yake kidogo. Hicho kikipinda, ncha hujiondoa kwenye chuma badala ya kukichimba. Na ukifunge kifupi, huku slaidi ikiwa imepandishwa juu, si imeteremshwa ikaning'inia.

Swali: Fundi, klapa yangu ilikuwa inagongagonga, nikaifunga kwa bolti isisogee. Kelele zimekwisha, lakini ncha za visu zinakatika ovyo. Nimejaribu hata vipande vya kabidi.
*Asiyependa Kelele*

Jibu: Ifungue leo hii. Klapa imewekwa ili kisu kiinuke kinaporudi nyuma. Ukiifunga, kisu kinaburuzwa kinyume juu ya chuma kilekile kilichotoka kukikata, na ncha haikusaidiwa na chochote upande ule. Kabidi ndiyo inayoteseka zaidi, maana ni ngumu lakini haivumilii kugongwa. Kwa shepa ndogo baki na chuma cha haispidi, yaani chuma kigumu cha visu.

Klapa nzuri inagonga, lakini haichezi kushoto na kulia. Iinue kwa kidole na uiachie: inapaswa kushuka kwa uzito wake yenyewe na kutua kwa mlio mmoja mkavu. Ikishuka kwa kusitasita, kuna uchafu au mashavu yanabana. Ukiishika na kuitikisa pembeni ikajibu, basi toboa upya tundu la pini, klapa ikiwa ndani ya nyumba yake ili matundu yote yapigwe mstari mmoja, na utie pini ya mchongoko inayojaa. Usisahau kupangusa kiti chake kila mara. Chembe moja ya chuma ikiingia hapo, klapa haitui na kina kinabadilika bila wewe kugusa kitu.

Ukikata ukuta wa wima, geuza nyumba ya klapa, upande wake wa juu uelekee mbali na ukuta. Kisu kikiinuka kitajitenga na kazi.

Swali: Nilielezwa kwamba shepa hukata polepole na kurudi haraka. Yangu inafanya hivyo kwenye mpigo mrefu, lakini nikiufupisha tofauti inapotea. Nimekosea wapi?
*Mpenda Vipimo*

Jibu: Hujakosea, ndivyo jometri yake ilivyo. Chukua mfano: kutoka kitovu cha gurudumu hadi egemeo la mkono wenye mfereji (ule unaoisukuma ramu) ni milimita 160, mkono wenyewe una urefu wa milimita 240, na kishikizo (pini ya gurudumu inayoteleza ndani ya mfereji) kiko milimita 50 kutoka kitovu. Utapata mpigo wa milimita 150, na gurudumu litatumia nyuzi 216 kwenda na 144 kurudi. Hiyo ni 3 kwa 2. Sogeza kishikizo hadi milimita 15: mpigo unakuwa milimita 45, na nyuzi ni 191 kwa 169. Karibu sawa.

Mpigo mfupi pia unapunguza kasi ya kisu, ukibaki na mipigo 60 utapata mita 5 tu kwa dakika. Ili kurudisha zile mita 15 za mpigo mrefu ungehitaji mipigo zaidi ya 170. Kwenye mashine ya kujiundia mimi ningeishia 100, kwa sababu ramu nzito ikigeuzwa huku na huku kwa kasi hiyo hutembeza hata benchi. Na nyuma ya ramu weka kizuizi. Watu huangalia kisu, wanasahau kwamba upande wa pili nao unapiga.

Swali: Meza yangu haiko sambamba na ramu, inatofautiana milimita 0.3. Niitie mabati chini?
*Fundi Mchanga*

Jibu: Kwanza maliza reli na klapa. Kisha fungua jiliwa, funga kisu kikali, na uache shepa irande meza yake yenyewe kwa mikato miembamba. Kama unene wa meza unaruhusu, huhitaji bati hata moja.