Re: Vikopo vya vidonge kuwekea mbegu

Dada, umeuliza kama vikopo vitupu vya vidonge vinafaa kutunzia mbegu za bamia na maboga hapo Mikindani hadi mvua za Desemba. Vinafaa sana, ila unyevu wa pwani ndio adui yako mkubwa.

Osha kopo na kifuniko kwa maji ya moto na sabuni, kisha viache wazi siku mbili. Tone moja likibaki kwenye mikunjo ya kifuniko linatosha kuleta ukungu. Lebo paka mafuta ya kula, subiri nusu saa, bandua. Usiiache: mtu asije akadhani ni dawa.

Wengi hukosea kwenye ukaushaji wa mbegu zenyewe. Anika kivulini penye upepo, si juu ya bati, maana joto kali huua kiini. Chukua mbegu ya boga uikunje: ikivunjika tak, tayari, ikipinda, rudisha ungoni. Mbichi ukizifungia humo zitaoza.

Kile kifuko cha chembechembe kilichokuja na vidonge huwa kimeshanyonya unyevu, usikitegemee. Kaanga mchele bila mafuta, ufunike upoe, funga vijiko viwili kwenye kitambaa, weka chini ya mbegu. Andika aina na mwezi, weka uvunguni, mbali na jiko.

Vyakula usiweke humo, na dawa ya wadudu kabisa usithubutu.