Kabla vishikwambi havijatoka kwenye boksi

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilipokwisha, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa walimu. Shule nyingi za serikali zikajikuta na kifaa mkononi kabla ya kuwa na mpango wa kukitumia. Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya kata mkoani Morogoro, na tangu wakati huo shule jirani huniita nikae na walimu wao waanze pamoja. Karibu kila ninapofika naulizwa tununue nini zaidi: projekta, kompyuta, au vishikwambi vya wanafunzi? Nami huwauliza kwanza: ni mada gani inawashinda wanafunzi wenu kila mwaka, hata mkiirudia ubaoni?

Kwangu mada hiyo ni moyo. Ukichora vyumba vinne na mishale yake, wanafunzi watanakili vizuri kabisa. Waulize damu inayokwenda mapafuni inatokea chumba gani, darasa zima kimya. Hapo video fupi inayoonyesha vali zikifunguka na kufunga inasaidia sana, mradi mwalimu asikae pembeni ikacheza mwanzo hadi mwisho. Huwa naisimamisha kabla vali haijafunguka, nauliza damu itaelekea wapi, wanabishana wawiliwawili, kila mmoja anaandika jibu lake, ndipo naiachia. Video ya dakika tatu inamaliza karibu kipindi kizima cha dakika 40, na sioni hasara yoyote. Lakini nikifika kwenye maswali ya urithi wa sifa, yale ya kujaza jedwali, siwashi kitu. Karatasi na kalamu vinatosha, tena mtoto anaelewa haraka zaidi. Mwalimu anayeweza kupambanua mada hizi mbili yuko tayari, hata kama anaandika kwa kidole kimoja.

Uwezo huo haupatikani kwenye semina ya siku mbili ukumbini. Semina hizo humfundisha mwalimu mahali pa kubonyeza, kisha anarudi shuleni na somo lake ni lilelile. Vikao vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ndiyo nafasi nzuri tuliyonayo, kwa sababu vinafanyika shuleni kwetu, kati yetu wenyewe. Pendekezo langu ni kwamba kila kikao mwalimu mmoja alete mada moja, wenzake waipange pamoja naye, na mmoja wao aende akakae nyuma ya darasa siku inapofundishwa. Walimu wakongwe wawepo tangu kikao cha kwanza. Wao ndio wanaojua wanafunzi hukwama wapi, na ujuzi huo hauna programu ya kupakua.

Na jamani, msimwachie kila kitu yule mwalimu kijana anayejua kompyuta. Akihamishwa, anaondoka na nywila zote na mazoea yote. Nywila ziandikwe kwenye daftari linalokaa kwa mkuu wa shule, ufunguo wa kabati uwe na watu wawili, na angalau walimu watatu wawe wanajua kuwasha na kurekebisha mambo madogo.

Kuhusu umeme, watu wanaogopa kusikostahili. Kishikwambi chenye betri ya mAh 5,000 kinabeba nishati ya wati-saa 19 hivi. Chaji 40 vilivyokwisha kabisa, na hata ukihesabu upotevu utatumia kama yuniti moja ya LUKU. Tatizo lenyewe ni soketi. Shule ina soketi mbili ofisini, basi ekstensheni za bei rahisi zinaunganishwa moja juu ya nyingine mpaka zinachemka. Mwiteni fundi aweke safu ya soketi ukutani kabla hamjanunua kifaa cha ziada. Wanaotaja mradi wa Global Learning XPRIZE mkoani Tanga, ambako watoto wa vijiji karibu 170 walijifunza kusoma kwa vishikwambi, mara nyingi husahau kwamba vijiji vile viliwekewa vituo vya kuchajia kwa sola.

Bando nalo lina hesabu yake. Video ya dakika kumi ya ubora wa wastani inaweza kula MB 50 hadi 100. Wanafunzi 40 wakiifungua kila mtu kwa kifaa chake, mmekula GB mbili hadi nne kwa kipindi kimoja. Ipakueni mara moja, muigawe kwa flashi au memori kadi. Vitabu vya kiada vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) vishusheni hivyohivyo wakati mtandao una nguvu. Shule yenye kompyuta moja ya zamani na rauta inaweza kuweka Kolibri, programu ya bure ambayo hujazwa masomo mara moja, kisha vifaa vya darasani vinayasoma bila intaneti kabisa. Masomo ya Khan Academy ya Kiswahili yamo.

Darasani, wanafunzi watano kwa kifaa kimoja wanatosha. Angalieni tu nani amekishika. Msipopanga, wavulana wawili watakikamata na wasichana watatazama kwa mbali hadi kengele. Mimi huwapa zamu: mmoja anashika, mmoja anaandika, mmoja anaeleza kwa darasa, na zamu zinabadilika kila swali.

La mwisho ni vioo vya vishikwambi, kwa kuwa vitavunjika. Jambo hili lifikishwe kwenye bodi ya shule na kikao cha wazazi kabla kifaa cha kwanza hakijamfikia mtoto: fedha ya matengenezo itengwe, na ikubalike wazi kwamba ajali ya darasani haitalipwa na mzazi. Pasipo makubaliano hayo, mwalimu ataona salama zaidi kuvifungia kabatini, na sitamlaumu.