Hopsi Ipi kwa Bia Ipi?

Msomaji wa Sinza anauliza: "Mapishi yangu ya bia yanataka gramu 30 za hopsi aina ya Magnum, nami ninayo aina ya Saaz. Je, naweza kuibadilisha kwa kipimo kilekile?"

Hapana. Uchungu wa bia hutokana na asidi za alfa zilizomo katika hopsi, ua la mmea linalotiwa kwenye bia kwa uchungu na harufu. Asidi hizo hubadilika umbo na kuyeyuka pale maji ya kimea yanapochemshwa kwa muda wa saa moja hivi. Magnum, ya Ujerumani, huwa nazo kiasi cha asilimia 12 hadi 14, ilhali Saaz ya Ucheki kwa kawaida huwa na asilimia 3 au 4 tu. Ukichukua 12 kwa 4, utahitaji gramu 90 za Saaz ili uchungu ulingane, na kipimo hicho ni kikubwa mno kwa ndoo ya lita 20. Soma pia kiwango kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu hubadilika kila mavuno. Saaz hutafutwa kwa harufu yake, nayo hupeperuka na mvuke. Kwa hiyo itie dakika kumi za mwisho. Mpishi wa chai hatii iliki asubuhi ili anywe jioni.

Wa Kigamboni anataka kujua kati ya hopsi za Cascade na Citra ipi inamfaa anayeanza.

Cascade, iliyotolewa Marekani mwaka 1972, hunukia balungi na maua. Citra hunukia embe na pasheni, na asidi zake za alfa ni takriban maradufu. Mimi ningeanza na Cascade, maana Citra ikizidi kidogo hufunika kimea chote.

Wa Tabata analalamika kwamba hopsi zake zinanuka jibini.

Zimechakaa kwa hewa na joto. Zitupe, na nyingine uzifunge bila hewa uziweke kwenye friza. Kabati la jikoni hapa Dar es Salaam halifai.

Wa Kimara, ambaye kwao ni Moshi, anauliza kama msesewe, mti ambao magome yake machungu hutiwa katika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, waweza kuchukua nafasi ya hopsi.

Kwa uchungu, ndiyo, lakini asidi za hopsi pia huzuia baadhi ya bakteria wanaoichachua bia, na magome ya msesewe hayana asidi hizo. Mbege hunywewa ndani ya siku chache, wakati bia yako itakaa chupani wiki kadhaa. Tena, gome halina pakiti ya kusoma kiwango.